Homa ya ini: Tumbo moja, kirusi kimoja, njia mbili

Jumapili iliyopita tulialikwa chai na familia moja ya Kikongo hapa Vickery Meadow, mtaa wa nyumba za kupanga ulioko kaskazini mashariki ya jiji la Dallas, Texas. Aliyewahi kufika anaujua: ngazi moja unasikia Kiswahili cha Uvira, ngazi ya pili Kinepali, ukitoka nje ni Kihispania. Chai ilikuwa nzuri. Mazungumzo yalikuwa mazito.

Wenyeji wetu ni ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Mkubwa ana miaka 61, mdogo 54. Majina tunayahifadhi kwa ombi lao. Wote wawili walipopimwa damu walikutwa na alama za homa ya ini aina ya C, na wanadhani waliipata utotoni, enzi sindano moja ilipokuwa ikichoma kijiji kizima. Kipimo cha pili, kile kinachotafuta kirusi chenyewe, kikawatenganisha. Mkubwa hana kirusi. Mwili wake ulikwisha kukifukuza wenyewe, zamani, bila yeye kujua. Mdogo bado anacho, na ini lake limeanza kupata makovu.

Badala ya kuleta ahueni, majibu hayo yalileta maneno. Shangazi aliyeko nyumbani alipiga simu kuuliza iweje mmoja apone bila hata kidonge, na mwenzake aoze. Alimaanisha nini, kila Mwafrika anaelewa. Mkubwa sasa anaona haya hata kumshauri mdogo wake aende hospitali.

Na mdogo hataki kwenda.

"Damu yetu sisi watu weusi haisikii dawa ile," alituambia. "Binamu yangu wa Houston walimchoma sindano karibu mwaka mzima. Akakonda, nywele zikatoka, na kirusi kikabaki palepale."

Tusimcheke. Sisi tuliokimbia kwetu kwa sababu ya kalamu tunajua jinsi uvumi unavyovuka mipaka bila viza, lakini huu si uvumi mtupu. Ulikuwa na ukweli ndani yake, ila ukweli huo umepitwa na wakati.

Kabla ya mwaka 2013 tiba ya homa ya ini C ilitegemea sindano za intaferoni kila wiki pamoja na vidonge vya ribavirini, kwa kawaida wiki 48 kwa aina ya kirusi iliyoenea zaidi Marekani. Wamarekani weusi walipona kwa kiwango cha karibu nusu ya kile cha weupe. Wapo waliosema ni kwa sababu watu weusi hawafuati masharti ya daktari. Lawama hiyo tunaifahamu, tumeisikia katika mambo mengine pia.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, akiwamo David Goldstein, walichunguza vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 1,600 waliokuwa wametibiwa kwa intaferoni. Wakakuta tofauti ya herufi moja tu katika kromosomu ya 19, karibu na jeni iitwayo IL28B. Mtu anaweza kurithi pale herufi C au T, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Wenye C mbili walipona kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wenye T mbili. Herufi C imejaa mno Asia Mashariki, ni ya kawaida Ulaya, na ni haba zaidi Afrika. Watafiti hao walikadiria kwamba herufi hiyo peke yake ilieleza karibu nusu ya pengo kati ya weusi na weupe.

Mwaka huohuo kundi la David Thomas wa Johns Hopkins lilionyesha kwamba herufi hiyohiyo huwasaidia watu kukifukuza kirusi bila dawa yoyote, wawe wa asili ya Ulaya au ya Afrika. Kisha mwaka 2013 Ludmila Prokunina-Olsson na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani wakagundua jirani yake jeni nyingine, IFNL4. Jambo la ajabu ni kwamba wenye jeni hiyo nzima ndio hushindwa zaidi kukiondoa kirusi, na waliorithi nakala mbovu ndio wenye bahati!

Kwa hiyo shangazi apate jibu. Watoto wa tumbo moja hawarithi nakala zilezile. Huenda mkubwa alipata C mbili na mdogo hakupata. Huenda pia haikuwa hivyo, kwani hakuna aliyewapima vinasaba, na wapo wenye C mbili walioshindwa na wenye T mbili walioshinda. Kwa jumla, kati ya watu 100 wanaoambukizwa homa ya ini C, karibu 30 hupona wenyewe ndani ya miezi sita. Hakuna aliyemtupia mwenzake kitu.

Tukamgeukia mdogo. Desemba 2013 Marekani iliidhinisha sofosbuviri, na dawa nyingine za aina yake zikafuata. Hizi hazingoji kinga ya mwili iamke kama intaferoni. Zinamkabili kirusi mwenyewe. Ni vidonge, kwa wiki 8 au 12, na zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 hupona, weusi kwa weupe. Madaktari hawana tena sababu ya kuuliza herufi ya IL28B. Binamu wa Houston naye, aliyeshindwa na sindano, bado anaweza kutibiwa.

Hapo mwanzo kikwazo kikawa bei: sofosbuviri iliingia sokoni kwa dola 1,000 kidonge kimoja. Imeshuka tangu hapo, lakini asiye na bima aulizie mapema msaada wa hospitali ya umma ya kaunti, ambayo kwa Dallas ni Parkland, na mipango ya misaada ya watengeneza dawa.

Lipo moja linalowahusu hasa watu wa Maziwa Makuu. Kirusi nacho kina ukoo wake. Katika utafiti uliofanyika Kigali na kuchapishwa mwaka 2019, wagonjwa 300 walipewa sofosbuviri pamoja na ledipasviri. Asilimia 87 walipona, lakini kwa wenye tawi la kirusi liitwalo 4r walipona asilimia 56 tu. Wengi wa walioshindwa walipona baadaye kwa mchanganyiko wenye nguvu zaidi. Hivyo anayetoka Rwanda au Kongo amwambie daktari alikozaliwa, na aulize ni dawa ipi inafaa.

Na homa ya ini B? Hiyo ndiyo iliyoenea zaidi kwetu, na ndiyo inayoitwa "ugonjwa wa ukoo". Vinasaba vina sehemu yake, lakini umri wa kuambukizwa una uzito kuliko vyote: kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakizaliwa, 9 hubaki nayo maisha, kwa watu wazima ni karibu 5 kati ya 100. Mama humpa mtoto kirusi, si laana. Chanjo na kinga ya sindano ndani ya saa 12 baada ya kuzaliwa huzuia sehemu kubwa ya maambukizo hayo.

Mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akataja mwaka 2014, pale Thomas Eric Duncan alipougua Ebola akiwa katika nyumba za Ivy, mtaani humuhumu, na jinsi Waafrika wa Vickery Meadow walivyokimbiwa kazini na shuleni. "Nikiandikwa jina hospitali, watu watajua?" Tulimjibu kwamba siri ya mgonjwa inalindwa na sheria, na kwamba ana haki ya mkalimani wa Kiswahili bila malipo, asimchukue mtoto wake kutafsiri.

Mkubwa, aliyekuwa kimya muda wote, akamwomba binti amletee simu. Akauliza kliniki inafunguliwa saa ngapi Jumatatu.