Bunduki Kuukuu na Risasi Zinazotawanyika

Huko Uingereza, Kanada na Australia wako wapiga shabaha ambao hadi leo hutumia bunduki ya Lee-Enfield, silaha iliyoingizwa katika jeshi la Uingereza mwaka 1895, na ambayo askari wa King's African Rifles waliibeba katika vita vya 1939 hadi 1945. Wengi wao hujaza maganda yaliyokwisha kupigwa wao wenyewe: fataki mpya, baruti mpya, risasi mpya. Lakini mara nyingi matundu kwenye shabaha huenea mithili ya mtama uliomwagwa. Hapo mpigaji hukimbilia mizani, akaongeza na kupunguza baruti. Aghalabu ugonjwa hauko huko.

Risasi hutulia hewani kwa kuwa huzunguka kama pia. Mzunguko huo huletwa na mifuo iliyochongwa kwa mzingo ndani ya mtutu. Mifuo ya Lee-Enfield kwa kawaida ni mitano, nayo hukamilisha mzunguko mmoja katika kila milimita 254. Risasi ya jeshi ya mwaka 1910, Mark VII, ilitoka kwa mwendo wa karibu mita 744 kwa sekunde. Mwanafunzi akigawanya ataona kwamba ilizunguka zaidi ya mara 2,900 kwa sekunde. Kasi hiyo yatosha, ilmradi mifuo imeikamata risasi barabara.

Hapo ndipo penye tatizo. Kipimo cha .303, yaani milimita 7.7, ni kipenyo baina ya matuta yaliyo kati ya mifuo. Risasi yenyewe ina milimita 7.9 hivi, ili matuta yaume na mifuo ijae. Lakini mitutu ya wakati wa vita ilichongwa kwa haraka, na kordaiti, baruti iliyoanza kutumika 1891, iliwaka kwa joto kali lililokula chuma. Baadhi ya mitutu hufikia milimita 8.0 au zaidi katika vina vya mifuo. Gesi hupenya pembeni, na risasi hutoka ikiyumba. Anayenunua risasi za milimita 7.82, zilizokusudiwa bunduki za Kimarekani, hujiongezea msiba.

Dawa ya kwanza ni kupima. Kipande cha metali laini ya risasi (metali iliyoipa risasi jina lake) husukumwa kwa ufito ndani ya mtutu mtupu uliopakwa mafuta, kisha hupimwa kwa maikromita. Lakini tano ni namba witiri: mkabala wa kila mfuo pana tuta, kwa hiyo maikromita ya kawaida husoma pungufu. Hutakiwa ile yenye kitako cha umbo la V. Jiometri hii ndogo imewapoteza wengi.

Mtutu ukiwa mpana, hutafutwa risasi nene zaidi, tena yenye kitako bapa, ambacho hutanuka kwa kishindo cha gesi na kuziba upenyo. Iliyosinyaa nyuma haizibi vizuri.

Ganda nalo lina hatari yake. Komeo la Lee-Enfield hufungwa kwa nyuma, hivyo ganda hunyooka kila lipigwapo. Likirudishwa kwenye umbo lake lote mara kwa mara, shaba hukonda karibu na kitako hata ikapasuka, na gesi yaweza kumrudia mpigaji usoni. Wenye busara hubana shingo tu.

Kila badiliko lijaribiwe peke yake, wala matundu matatu yasihesabiwe kuwa ushahidi; hukaribiana kwa bahati tu. Risasi ikilingana na mtutu na bado zikatawanyika, hutazamwa ubao: ukinyauka kwa ukavu, huugusa mtutu pasipostahili, na mtutu upatapo moto, matundu huhama upande mmoja.