Matuko Weye na Vita Visivyokwisha

Watahiniwa wengi wakiulizwa kuhusu Matuko Weye katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora, huandika neno moja, mwendawazimu, kisha hukimbilia Mtemi Nasaba Bora. Wewe usifanye hivyo. Matuko ni askari mkongwe wa Vita vya Pili vya Dunia, na wazimu wake una historia.

Kama unasomea Busia au Malaba, huenda historia hiyo haiko mbali na kwenu. Jeshi la KAR liliandikisha vijana Kenya na Uganda pia, na mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani katika misitu ya Burma hadi mto Chindwin. Vita vilipokwisha, maaskari Wazungu waligawiwa mashamba nchini Kenya. Mwafrika aliyelala nao handakini alirudi na kumbukumbu. Leo ukimwona mzee kando ya foleni ya malori pale Malaba akipiga saluti peke yake huku watoto wakimcheka, hutauliza Matuko ni nani.

Sasa tazama mgogoro wa nafsi yake. Hatupewi sura nzima ya kutueleza anachokiwaza, kwa hivyo yatubidi tumsome kwa maneno na matendo yake. Yeye ni askari asiye na jeshi na raia asiye na haki. Alitumwa kupigania uhuru wa wengine. Akirudi Sokomoko anamkuta mtawala mnyakuzi. Ndiyo maana katika sherehe ya uhuru anasimama kumshutumu Mtemi hadharani, na anakamatwa. Hapa ndipo penye utamu, na ndipo watahiniwa hupoteza alama: kiwewe cha vita hakijamnyang'anya Matuko ukweli. Kimemnyang'anya hofu. Wenye akili timamu wanapiga makofi, yeye anasema kile ambacho wote wanakijua. Ukisema yuko pale kuchekesha tu, utakuwa umeshiriki kicheko cha Mtemi.

Mlinganishe na Matigari, shujaa wa riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka kwa Kikuyu mwaka wa 1986. Yeye anatoka msituni, anaficha silaha chini ya mugumo na kujifunga mshipi wa amani, kisha anazunguka nchi nzima akitafuta ukweli na haki. Anaishia kufungwa, na hata kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Unaona? Mpiganaji anayedai haki huitwa kichaa ili asisikilizwe. Tofauti ni kwamba Matigari anachagua amani kisha anaikosa na kuzirudia silaha, ilhali Matuko hana tena cha kuchagua. Silaha yake imebaki kuwa ulimi.

Jina la Amani, kijana mhusika mkuu, pia lisikupite. Usilitumie kama hoja peke yake, lakini jiulize ni amani gani inayowezekana katika nchi inayomtia kizuizini askari wake wa zamani kwa kusema kweli.

Swali la mazoezi: "Matuko Weye ndiye mwenye akili kuliko wote Sokomoko." Jadili. (alama 20)