Washenga wa Mbele ya Televisheni

Mwaka 1970, watunzi wawili wa michezo ya televisheni, James L. Brooks na Allan Burns, walipowaendea wakuu wa shirika la CBS na habari ya mwanamke wa miaka thelathini aliyepewa talaka, ambaye angehamia mji wa Minneapolis ili aanze maisha upya, walikataliwa katakata. Na miongoni mwa hoja zilizotolewa kuwapinga ilikuwamo moja ambayo, ingawa yafanana na mzaha, ilibeba ilimu kubwa kuliko walivyojua wale walioitoa. Mwigizaji aliyekusudiwa, Mary Tyler Moore, alikuwa amekaa miaka mitano, tangu 1961 hata 1966, akiigiza kuwa mke wa Dick Van Dyke katika mchezo mwingine kabisa, wenye majina mengine na nyumba nyingine, na wakuu wale wakachelea kwamba hadhira ingedhani aliyemtaliki ni huyo huyo Dick Van Dyke. Ndoa ya kubuni, iliyokwisha miaka minne nyuma, ilihesabiwa kuwa ingali hai nyoyoni mwa watu, hata iweze kumharibia sifa mwanamke mwingine wa kubuni. Basi talaka ikafutwa, na Mary Richards akaletwa ulimwenguni kama mwanamke aliyechoka kumngojea daktari mmoja asiyekata shauri la kumwoa.

Mtazamaji wa tamthilia ana tabia ya kujifanya mshenga. Huwatazama wahusika wawili, akaona moyoni mwake kwamba hawa wamekusudiwa wao kwa wao, akawaposea bila kutumwa na mtu. Kisha mtunzi akimpeleka bibi arusi nyumba nyingine, mshenga huyu hukasirika kama aliyevunjiwa ahadi, huandika barua, huapa hatautazama mchezo ule tena. Wazee wengi huyacheka mambo haya na kuyaita upuuzi wa watu wasio na kazi. Mimi sioni hivyo, na katika kulieleza jambo hili sijui mji uliofaa zaidi ya Minneapolis na jirani yake Saint Paul, kwa kuwa hapo hadithi ya Mary iliwekewa makao, na hapo hapo, kwa sadfa, wataalamu wa nafsi ya mwanadamu walikuwa wamekwisha kuyachunguza mapenzi, uchaguzi na tamaa iliyokatika.

Mchezo wenyewe, ulioitwa The Mary Tyler Moore Show, ulirekodiwa Los Angeles, wala waigizaji hawakukaa Minnesota. Lakini picha za nje zilipigwa Minneapolis, na nyumba moja ya kale katika barabara ya Kenwood Parkway ikaonyeshwa kuwa ndimo Mary alimopanga. Watu walimiminika kuitazama, hata wenye nyumba wakachoka, na wapiga picha waliporudi kutaka picha mpya walikuta madirishani mabango ya kutaka Rais Nixon ashtakiwe na kuondolewa, mabango ambayo hakuna kipindi cha kuchekesha ambacho kingethubutu kuyaonyesha. Hatimaye Mary alihamishwa. Mwaka 1975 akapewa makao mapya katika majengo marefu ya Cedar-Riverside, yale yaliyosanifiwa na Ralph Rapson na ambayo leo huitwa Riverside Plaza. Na atakayefika hapo sasa atakuta ni mtaa wa watu wa Afrika Mashariki, Wasomali kwa wingi na Waoromo pamoja nao, waliokuja kutafuta maisha mapya vile vile.

Karibu na majengo hayo ni Chuo Kikuu cha Minnesota. Kabla sijaingia humo, yapasa kuwataja Donald Horton na R. Richard Wohl, ambao mwaka 1956 waliandika kwamba mtu aonekanaye katika televisheni humjengea mtazamaji hisia ya kujuana naye, na ya ukaribu ulio mbali: mmoja huzungumza, mwingine husikiliza, na msikilizaji hujihesabu kuwa rafiki, ijapokuwa rafiki mwenyewe hana habari kwamba yupo. Dhana hiyo imedumu mpaka leo na imekuwa msingi wa uchunguzi mwingi. Walakini yaeleza kwa nini twampenda mhusika mmoja. Haijaeleza kwa nini twang'ang'ania aolewe na fulani, wala si mwingine.

Hapo ndipo Minnesota inapotufaa. Katika miaka ya 1950 alifundisha hapo Leon Festinger, na mwanafunzi wake mmoja, Jack Brehm, aliwapa wanawake 225 wa chuo vitu vya nyumbani wavipime thamani, kama vile kibaniko cha mkate, mashine ya kahawa, taa ya mezani na redio ndogo. Kisha akawaambia wachague kimoja kati ya viwili kiwe chao, na baada ya kuchagua akawaomba wavipime tena. Kile kilichochaguliwa kilipanda machoni mwao, na kile kilichoachwa kikashuka, hasa pale ambapo vitu viwili vilikuwa vimekaribiana kwa thamani na uchaguzi ukawa mgumu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1956, na ingawa baadaye wako waliotia ila hesabu zake, hoja yenyewe haijaanguka. Nafsi ikishachagua hutafuta utulivu, na utulivu huupata kwa kumpamba aliyechaguliwa na kumtia dosari aliyekataliwa.

Sasa badala ya kibaniko cha mkate weka mchumba. Waliofuata tamthilia ya Maria, iliyorushwa na Citizen TV ya Kenya kuanzia 2019, watakumbuka jinsi mtu aliyekwisha kumwona Maria kuwa ndiye wa Luwi alivyokuwa hawezi tena kuona jema lolote kwa Sofia, na anayemhurumia Sofia alivyomwona Maria kuwa mvamizi wa posa ya mwenziwe. Na kadiri wawili hao walivyokaribiana kwa haki ya kupendwa, ndivyo maneno yalivyokuwa makali. Aghalabu husemwa kwamba mashabiki huwa wakali kwa sababu mmoja wa wachumba ni mbaya. Kwa kanuni ya Brehm mambo ni kinyume chake: ubaya wake mwingi hutengenezwa baada ya kukataliwa.

Festinger mwenyewe alilifuata jambo kubwa zaidi. Mwishoni mwa 1954 yeye na wenzake wawili wa Minnesota, Henry Riecken na Stanley Schachter, walijipenyeza katika kundi dogo la watu wa karibu na Chicago waliongojea gharika tarehe 21 Disemba, wakiamini kwamba chombo kutoka anga za mbali kingewaokoa. Gharika haikuja. Katika kitabu chao cha 1956 walidai kwamba baadhi ya waumini, badala ya kuiacha imani, waliishika kwa nguvu zaidi na kuanza kuihubiri. Ni haki kumwambia msomaji kwamba nyaraka za uchunguzi huo zilipopekuliwa upya, makala iliyotoka 2025 iliwalaumu wataalamu hao kwa kuipotoa habari na kuingilia mambo waliyokuwa wamekwenda kuyatazama tu. Kwa hiyo siitegemei sana hadithi ile, ijapokuwa kila mwandishi wa mambo ya mashabiki hupenda kuitaja. Atumainiye ndoa ya wahusika si sawa na angojeaye mwisho wa dunia. Wala simwoni kuwa amedanganyika, kwa maana ajua fika kwamba ni mchezo.

Mtu anayenitosheleza ni Ellen Berscheid, mtaalamu wa chuo hicho hicho, ambaye jina lake lilitangaa Marekani nzima kwa njia ya dhihaka. Mwezi wa Machi 1975 Seneta William Proxmire alianzisha tuzo yake ya kejeli, Golden Fleece, ya kuwaumbua wanaoteketeza fedha za umma, na ya kwanza kabisa akaielekeza kwa msaada wa dola 84,000 uliotolewa ili Berscheid na mwenziwe Elaine Hatfield wachunguze kwa nini watu hupendana. Seneta alisema kwamba mapenzi ni siri ambayo Wamarekani wengi hawataki ifumbuliwe. Hatfield naye alikuwa amepita Minnesota: yeye na wenzake, katika uchunguzi uliotangazwa 1966, waliwaalika wanafunzi wapya 752 katika dansi, wakawaambia kwamba kompyuta ingemtafutia kila mmoja mwenzi anayemfaa, kumbe waligawanywa vivi hivi, kwa sharti moja tu kwamba mwanamume asiwe mfupi kuliko mwenziwe. Si akili wala si tabia iliyotabiri nani angependwa, bali uzuri wa sura. Watunzi wa tamthilia walilijua hilo bila kompyuta.

Rai ya Berscheid, aliyoieleza kwa urefu mwaka 1983, ni hii. Hisia kali haziji kwa sababu watu wako karibu. Huja pale mwenendo waliouzoea pamoja unapokatizwa. Mume na mke waweza kuishi miaka ishirini katika ukimya, huyu akiweka chai na yule akifungua mlango, hata jirani akasema kwamba hapana mapenzi humo. Kisha mmoja akaondoka, na aliyebaki akapigwa na huzuni asiyoitazamia, kwa kuwa kila tendo lake dogo lilikuwa limesukwa na tendo la mwenziwe, na sasa kila uzi wavutika na kukatika. Ukimya haukuwa dalili ya utupu. Ulikuwa dalili kwamba bado hakijakatizwa kitu.

Kwa rai hii ghadhabu ya mtazamaji hufahamika. Kila juma, katika saa ile ile, amekaa na kuusuka mwendo: watazamane, wagombane, wapatane, waoane. Nusu ya mwendo huo ni kazi ya mtunzi na nusu ni kazi yake mwenyewe. Jonathan Cohen aliwauliza watu 381 wa Israeli, katika uchunguzi wa 2004, wangeonaje mhusika wampendaye akiondolewa, akakuta kwamba waliofungamana sana na wahusika ndio waliotazamia uchungu zaidi, na pia wale ambao katika mapenzi ya kweli huwa na hofu ya kuachwa. Kiumiacho ni kimoja.

Na hapa yaja habari ya Rhoda. Alikuwa jirani wa Mary katika nyumba ile ya Minneapolis, mcheshi, asiyejiamini, na alipopendwa mno akapewa mchezo wake mwenyewe, akarudishwa New York na kutafutiwa mchumba jina lake Joe. Tarehe 28 Oktoba 1974 walioana. Mary na wenziwe walisafiri kutoka Minneapolis kwenda kushuhudia. Mmoja wao, Phyllis, aliyeahidi kumchukua bibi arusi, alisahau. Rhoda akapanda treni ya chini ya ardhi na shela yake. Watu wakadiriwao kupita milioni 50 walitazama, wengine wakafanya karamu majumbani mwao, wengine wakalipelekea shirika la CBS zawadi za arusi ya watu wasiokuwapo. Hapana shaka kwamba ushenga wa hadhira haujapata kuheshimiwa kiasi hicho.

Baada ya misimu miwili watunzi waliona kwamba mke mwenye furaha hachekeshi, na mwanzoni mwa msimu wa tatu, 1976, wakawatenga. Barua za hasira zikamiminika. Mchezo ulioshika nafasi ya saba nchini katika msimu uliotangulia uliporomoka hadi ya 32, na Disemba 1978 ukaondolewa hewani.

Linganisha na yaliyompata Mary. Kwa miaka saba wako watazamaji waliotamani aolewe na Lou Grant, mkuu wake wa kazi, mzee mwenye hasira na moyo laini, ambaye Mary hakuthubutu kumwita ila Bwana Grant. Katika sehemu iliyorushwa tarehe 12 Machi 1977, ikiwa imebaki moja tu mchezo ukome, watunzi waliwapa washenga hao walichotaka: Mary, amechoka na wanaume wa kila namna, anamwalika Lou chakula cha jioni nyumbani kwake. Wanakula kwa haya. Wanakaa pamoja, wanakurubiana, midomo inagusana, na wote wawili wanaangua kicheko. Posa imekwisha hapo. Wanabaki marafiki, na mazungumzo yao yanarudi kuwa mepesi kama zamani.

Jozi zote mbili zilinyimwa ndoa iliyotazamiwa kudumu, lakini moja ilizaa bughudha na nyingine ikabaki miongoni mwa sehemu zinazosifiwa za mchezo ule. Najua kwamba Rhoda na Joe walikuwa wameoana na hawa hawakuoana, na aliyepewa kitu kikachukuliwa huumia kuliko asiyepewa. Hata hivyo sioni kwamba tofauti yote ni hiyo. Mary na Lou waliachiwa waufikishe mwendo mpaka mwisho wake mbele ya macho ya watu. Mtazamaji aliona chakula, akaona busu, akapewa sababu ya kukataa, na sababu hiyo ilitoka ndani ya wahusika wenyewe. Hakukatiziwa kitu, bali alimaliziwa. Rhoda na Joe walitengwa kwa ajili ya haja ya watunzi, na hadhira, ambayo haikuwahi kuiona ndoa ile ikioza hatua kwa hatua, iliinusa haja hiyo mara moja.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba mtunzi hana deni la kumwozesha mhusika kwa amfikiriaye mtazamaji, na akifanya hivyo kila mara kwa kuogopa barua atakuwa karani wa washenga. Deni lake ni kuonyesha. Avunjaye jozi iliyopendwa na aivunje mbele yetu, kwa muda wa kutosha, kwa sababu ambayo wahusika hao wangeweza kuitamka kwa vinywa vyao. Watunzi wa michezo hiyo wenyewe walikuwa wamekwisha kulifanya jambo hilo vizuri miezi michache tu baada ya kulifanya vibaya, na wanaoandika tamthilia Nairobi na Dar es Salaam leo wanaweza kuzitazama sehemu hizo mbili, moja baada ya nyingine, kabla ya kuandika talaka inayofuata.