Uaminifu wa Wateja katika Biashara Ndogo ya Maua ya Kukata

Mteja mwaminifu ni yule anayerudi kununua kwako kwa hiari ingawa angeweza kununua kwingine. Zingatia maneno "ingawa angeweza". Mtu anayenunua kwako kwa sababu duka lako ni la pekee mtaani bado si mteja mwaminifu. Siku jirani atakapofungua duka, huenda akahama. Vilevile, mteja aliyeridhika leo si lazima awe mwaminifu. Kuridhika hutokana na ununuzi mmoja, lakini uaminifu hujengwa na manunuzi mengi yaliyokwenda vizuri. Watahiniwa wengi huchanganya mambo haya na kupoteza alama.

Makala haya yanatumia mfano wa biashara ndogo ya maua ya kukata mjini Arusha. Mji huu uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake huyafaa maua. Kwa miaka mingi eneo jirani la Arumeru limekuwa na mashamba makubwa yanayokuza waridi kwa ajili ya soko la Ulaya. Muuzaji mdogo hana chumba cha baridi kama mashamba hayo. Ana meza, ndoo za maji, kisu, utepe na wateja wa mjini: wanaokwenda harusini, kwenye mahafali, hospitali na msibani, pamoja na makanisa na hoteli ndogo.

1. Ugumu wa biashara ya maua

Ua likishakatwa halipati tena maji na chakula kutoka kwenye mmea, kwa hiyo huanza kuchakaa. Anayenunua daftari hulikagua hapohapo dukani. Anayenunua waridi huona limefunga vizuri na lina rangi ya kupendeza, lakini ubora wake ataujua siku ya tatu au ya nne, akiwa nyumbani. Methali husema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Katika maua, hata kibaya kinaweza kujiuza mara moja kwa sababu ya sura yake. Mara ya pili hakijiuzi.

Hii ndiyo hoja kuu ya mada hii: uaminifu wa mteja wa maua hujengwa zaidi baada ya muuzaji kupokea fedha kuliko kabla ya hapo.

2. Faida ya mteja anayerudi

Tuchukulie kwamba shada moja humgharimu muuzaji shilingi 6,000 na huliuza kwa shilingi 10,000. Faida ghafi ni shilingi 4,000. Mteja anarudi siku ya pili akilalamika kwamba maua yamenyauka, na muuzaji anakagua na kuona kweli yalikuwa na kasoro.

Muuzaji wa kwanza anakataa kumsaidia. Anabaki na faida yake ya shilingi 4,000, lakini mteja harudi tena.

Muuzaji wa pili anampa shada jingine bure. Kwa sasa amepata hasara ya shilingi 2,000 (4,000 − 6,000). Lakini mteja huyo akinunua shada moja kila mwezi hadi yatimie mashada 12 katika mwaka, hesabu itakuwa hivi:

Faida ya mashada 12: 12 × 4,000 = 48,000
Toa gharama ya shada la fidia: 48,000 − 6,000 = 42,000

Muuzaji wa pili anapata shilingi 42,000, na wa kwanza shilingi 4,000. Hasara ya mwanzo inafidiwa mara tu mteja anaponunua shada la pili. Hata hivyo, fidia itolewe kwa kasoro ya kweli. Akimpa kila anayelalamika bila kukagua, biashara itakufa.

3. Njia za kujenga uaminifu

(a) Kuuza maua yatakayodumu. Maua yakatwe asubuhi mapema au jioni, wakati jua si kali, na yatiwe mara moja kwenye maji safi. Ndoo zisafishwe, kwa kuwa bakteria kwenye maji machafu huziba mashina na kuyazuia kunyonya maji. Maua ya jana yasichanganywe na ya leo kwa bei moja. Muuzaji anaweza kuyauza kwa bei ya chini, mradi amwambie mteja ukweli.

(b) Kumwelekeza mteja namna ya kuyatunza. Mwambie akate ncha ya shina kwa mshazari, aondoe majani yatakayozama majini na abadilishe maji kila baada ya siku mbili. Maua yasiwekwe juani wala karibu na ndizi mbivu, kwa sababu matunda yanapoiva hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuchakaa kwa maua mengi. Maelekezo haya hayana gharama, lakini yanaweza kumwongezea mteja siku kadhaa za kuyafurahia maua yake.

(c) Kutunza kumbukumbu. Daftari la wateja lioneshe jina, namba ya simu, maua anayopenda na tarehe zake muhimu. Aliyenunua maua ya kumbukumbu ya ndoa mwaka huu anaweza kukumbushwa wiki moja kabla ya tarehe hiyo mwakani. Muuzaji aombe ridhaa ya mteja na asiwape wengine taarifa hizo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

(d) Kutimiza ahadi. Maua ya harusi yakifika baada ya bibi harusi kuingia kanisani hayana kazi tena, hata yakiwa mazuri namna gani. Muuzaji akubali oda anayoiweza, na kukiwa na tatizo apige simu mapema, kabla mteja hajaanza kumtafuta.

(e) Kutafuta oda za kudumu. Hoteli inayochukua maua kila Ijumaa humwezesha muuzaji kujua idadi ya kununua, hivyo maua machache huharibika. Makubaliano yaandikwe: idadi, bei, siku na muda wa malipo. Deni lisilo na tarehe ya kulipwa huweza kuvunja urafiki na mtaji kwa pamoja.

(f) Kuwa mwangalifu na punguzo la bei. Katika mfano wetu, punguzo la asilimia 10 ni shilingi 1,000. Bei imeshuka kwa asilimia 10, lakini faida imeshuka kutoka 4,000 hadi 3,000, yaani asilimia 25. Ua moja la nyongeza linalogharimu shilingi 500 humfurahisha mteja kwa gharama ndogo zaidi. Isitoshe, anayekuja kwa sababu ya bei ndogo ataondoka akipata bei ndogo zaidi.

4. Jaribio la msimu

Tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, mahitaji ya waridi hupanda na bei ya kununulia hupanda pia. Muuzaji anayepandisha bei mara tatu kwa kila mtu hupata fedha nyingi siku hiyo, lakini mteja aliyenunua kwake mwaka mzima huona ametendewa kama mgeni. Njia bora ni kuwajulisha wateja wa kudumu bei ya msimu mapema, kupokea oda zao kwanza na kuwaongezea kiasi kinacholingana na gharama iliyopanda.

5. Jipime

(i) Tofautisha kuridhika kwa mteja na uaminifu wa mteja. Toa mfano mmoja kwa kila dhana.

(ii) Muuzaji hununua shada kwa shilingi 8,000 na kuliuza kwa shilingi 12,000. Akitoa punguzo la asilimia 10, faida yake itashuka kwa asilimia ngapi?

(iii) Fafanua njia tano ambazo muuzaji mdogo wa maua anaweza kuzitumia ili wateja wake warudi.

Mwongozo: Katika swali la (ii), punguzo ni shilingi 1,200 na faida ya awali ni 4,000, hivyo faida inashuka kwa asilimia 30. Katika swali la (iii), neno "fafanua" lina maana zaidi ya "taja". Kila hoja iwe na sehemu tatu: njia yenyewe, namna inavyofanya kazi na mfano. Ukiandika "huduma nzuri" ukaishia hapo, umetaja tu. Ukieleza kwamba muuzaji hubadilisha shada lenye kasoro na kuonesha kwa hesabu namna hasara hiyo inavyofidiwa, umefafanua. Wengi wenu mtaanza biashara ndogo baada ya mtihani huu, na hesabu hizi mtazihitaji huko pia.