Koti la Theluji Katika Soko la Karume

Februari, soko la Karume, jirani kabisa na Kariakoo. Joto la kaskazi limekaza, wanunuzi wanajifuta jasho kwa leso. Dereva wa bodaboda anayetafuta koti la kuzuia upepo amelipata moja zito, jekundu. Analigeuza, anakuta limeshonewa kitambaa chenye mpira kiunoni.

"Hiki kisketi cha ndani cha nini?"

"Urembo tu, kaka. We lijaribu."

Si urembo. Kisketi hicho huzuia theluji isipenye hadi mgongoni mtu anapoanguka akiteleza kwa skii. Hata kijimfuko cha kwenye mkono wa kushoto kina kazi yake: hukaa kadi ya kupandia lifti ya mlimani, na mashine huisoma humohumo bila mtu kuvua glavu.

Makoti ya aina hii yameshonwa kwa ajili ya likizo. Mwaka 1940, vita vilipofanya makaa ya mawe kuwa adimu, shule nyingi za Sweden zilifungwa kwa wiki moja wakati wa baridi ili kuokoa makaa ya kupashia madarasa joto. Ili watoto wasizurure, wakaandaliwa michezo ya nje. Vita vikaisha, likizo ikabaki. Huitwa sportlov, yaani likizo ya michezo, na mikoa huichukua kwa kupokezana kati ya wiki ya 7 na ya 10 ya mwaka. Norway nayo hufunga shule, mara nyingi wiki ya 8 au ya 9.

Halafu inakuja Pasaka. Wakati Dar es Salaam imo katika majira ya masika na wakazi wa mabondeni wanautazama mto Msimbazi kwa wasiwasi, familia nyingi za Norway hupanda milimani kwenye vibanda vyao vya mbao. Theluji bado ipo, lakini jua limeshakuwa kali. Watu huketi nje wakimenya machungwa, wakila chokoleti na kusoma riwaya za upelelezi.

Riwaya hizo zina kisa chake. Mwaka 1923, tangazo la kitabu cha Nordahl Grieg na Nils Lie lilichapishwa ukurasa wa mbele wa gazeti, likisema treni ya Bergen imeporwa usiku. Wapo walioamini ni habari ya kweli, wakaingiwa na hofu kwa ajili ya ndugu zao waliokuwa safarini. Tangu hapo Pasaka na upelelezi vikawa chanda na pete.

Likizo hupita, mtoto hukua, nguo ya theluji haikui. Ikishambana hurithiwa na mdogo wake, kisha hutolewa. Nguo zinazotolewa Ulaya huchambuliwa, hufungwa marobota, na mengine hushushwa bandari ya Dar es Salaam.

Pale Karume, bodaboda amelipia koti lake na kulipeleka kwa fundi cherehani aondoe kisketi. Pembeni, mama mmoja anayepeleka mzigo Makete anachagua ovaroli za watoto. Moja ina jina lililoandikwa kwa kalamu ndani ya ukosi. Anaikunja na kuiweka kwenye fungu lake. Huko kwao, Juni na Julai, sakitu huanguka.