Choya karibu na mlango: mboga, juisi na ukweli kuhusu damu

(Muziki unashuka. Mtangazaji anaingia.)

 

Leo tunazungumza juu ya mmea wenye majina mengi. Hapa Tanzania wanauita choya au rozela. Wengi wetu tuliotoka Kongo tunaujua kama ngaingai, na Wasudani wanauita karkade. Mgao unatupa unga, maharagwe, mafuta na chumvi. Mboga ya majani ni juu yako wewe. Choya haidai shamba kubwa, na mmea mmoja unakupa mboga na kinywaji.

Kupanda. Panda mvua zinapoanza; huku Kigoma ni mwezi wa 10 au wa 11. Loweka mbegu usiku mmoja. Weka mbegu mbili katika kila shimo, kina kisizidi pingili moja ya kidole. Miche ikifikia kimo cha kiganja, ng'oa ule dhaifu. Acha hatua moja kubwa kati ya shina na shina, maana choya inaweza kumpita mtu mzima kwa urefu. Huna ardhi? Chukua mfuko mtupu wa unga, utoboe chini, ujaze udongo na samadi iliyooza, kisha panda mche mmoja tu.

Usipande mahali ulipong'oa bamia. Bamia na choya ni ndugu, na minyoo midogo inayovimbisha mizizi ya bamia itashambulia choya pia. Usipande mahali maji yanaposimama, kwa sababu mizizi itaoza. Mvua ikikatika, mwagia maji uliyooshea mboga, lakini si maji ya sabuni.

Kuvuna majani. Mmea ukifika magotini, kata ncha yake ili utoe matawi mengi. Hapo anza kuchuma majani machanga. Yana uchachu, na yanapendeza yakipikwa na maharagwe, au na dagaa, ndagala au sambaza, kila mtu na jina lake. Usiuchume mmea mpaka ubaki fimbo. Kama una mashina manne, tenga mawili ya majani na mawili ya maua.

Kuvuna maua. Tunasema "maua", lakini kinachotumika si ua lenyewe. Ua hufunguka siku moja tu, kisha hunyauka. Kinachobaki ni kikombe chekundu kinachoendelea kunenepa. Hesabu kama wiki tatu baada ya ua kunyauka, ukichume kingali laini. Toa tunda la mbegu lililo katikati. Anika vikombe kivulini, juu ya mkeka safi ulioinuliwa kutoka chini, mpaka vikivunjwa vilie. Kilo 10 mbichi hubaki kama kilo 1 kavu, kwa hiyo usishtuke vikipungua.

Kwa juisi, chemsha konzi moja katika lita moja ya maji, kisha chuja. Usiilaze kwenye sufuria ya alumini, maana uchachu wake unakula sufuria. Ihamishie kwenye chombo kingine kisafi.

Mbegu. Acha matunda machache yakaukie mtini mpaka yaanze kupasuka. Hizo ndizo mbegu zako za mwaka ujao, na mpe jirani nusu.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Watu wengi husema choya inaongeza damu, kwa sababu juisi yake ni nyekundu. Wekundu ule ni rangi ya mmea, si damu. Mtoto mwenye viganja vyeupe, anayechoka haraka na kupumua kwa shida, huenda amepungukiwa damu, na mara nyingi malaria ndiyo chanzo. Mtoto huyo usimpe kikombe cha juisi ukasubiri wiki ipite. Mpeleke zahanati leo. Watamtoboa kidole, wapime damu na malaria, na wampe dawa inayomfaa.

Mama mjamzito, vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki endelea kuvimeza. Choya haichukui nafasi yake. Tena uliza kliniki kabla ya kunywa juisi hii mara kwa mara. Na mzee unayemeza dawa za presha, nawe uliza, kwa sababu choya inaweza kushusha presha zaidi ya unavyotaka.

Panda choya, ule majani yake na unywe juisi yake. Ila damu ikipungua, njia ni ile ya zahanati.

Kesho asubuhi angalia ukuta wa nyumba yako upande unaopata jua. Pale pana nafasi ya mfuko mmoja. 

(Muziki unapanda.)