Pauni Ilipopanda

Mpwa wangu alikwenda Uingereza mwaka 2022 kusomea uchumi. Mwanafunzi mgeni huko hutozwa karo kubwa kuliko mwenyeji. Hilo tulilijua, na dada yangu akauza nusu ya shamba la minazi alilorithi Kilifi.

Tusilolijua tulifundishwa na benki. Mwanzoni mwa 2023 pauni moja ilikuwa kama shilingi 150; mwaka ulipokwisha ikafika kama 200. Hata chuo kisipoongeza senti moja, pauni 10,000 zilizotaka shilingi milioni moja na nusu zikawa zataka milioni mbili! Nusu ya pili ya shamba nayo ikaenda.

Kijana akaleta salamu: “Mama, huko ndiko kushuka kwa thamani ya sarafu. Tumekusoma juma hili.”

Dada akanitazama. “Mjibu kwamba nami nimekusoma, ila mimi kwa minazi.”

Basi umpelekaye mwana ng’ambo, usihesabu karo peke yake. Ihesabu na sarafu utakayolipia, uweke na akiba ya kupanda kwake. Mpwa wangu alirudi na shahada mwaka 2025. Madafu ya kumkaribisha tulinunua sokoni.